Nimetesti taa 200 zimegoma 9, saplaya anasema difekti ni 2% tu. Nani mwongo hapa?

#1 Katoni Kwa Katoni
Wakuu salama? Nina mzigo wa taa za LED wati 9, za pini, tulichangia kontena kutoka Guangzhou, umefika wiki mbili sasa. Taa 10,000, katoni 100 za taa mia mia. Makubaliano na saplaya yapo kwenye proforma (ankara ya awali), difekti haizidi 2%, na kwa ajili hiyo akaniongezea taa 200 za bure za kufidia.

Juzi nikamwambia dogo wa dukani afungue katoni mbili atesti taa zote. Kati ya 200, taa 9 hazikuwaka. Nikachukua 9 gawanya kwa 200 nikapata 4.5%. Kwenye mzigo mzima ni taa 450, nikitoa zile 200 za bure nabaki na 250 mbovu, bei ya jumla 1,800 kwa taa, ni 450,000 imeenda na maji. Nimemwandikia saplaya WeChat kanijibu eti sampuli yangu ni ndogo na hiyo ni kawaida. Nimepigwa au sijapigwa? Mwenye hesabu aje tafadhali.

#2 Nipo Paleee
Naweka kambi hapa. Wajuzi wanakuja.

#3 Namba Hazinuni
Mkuu 4.5% yako siyo jibu, ni makadirio, na makadirio lazima yatembee na ile jumlisha-toa yake. Watu wa takwimu wanaita kiwango cha makosa. Fomula ya haraka: chukua 0.045 zidisha kwa 0.955, gawanya kwa 200, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha na 1.96. Inakuja 0.029 hivi, yaani 2.9%. Kwa hiyo difekti ya mzigo wako ni 4.5 jumlisha au toa 2.9, popote kati ya 1.6% na 7.4%. Kwa taa ni kuanzia 160 mpaka 740.

Na 2% ya saplaya imo humo ndani. Huwezi kusema kakudanganya.

#4 Shangazi wa Tandika
160 mpaka 740 😂😂 hiyo ni hesabu au ramli? Hata mganga wa kwetu anabana zaidi ya hapo.

#5 Bosi wa Mzigo
@Namba Hazinuni umemtisha mwenzio bure. Kiwango cha makosa ni 2.9%, sasa 2.9% ya taa 450 ni taa 13. Kwa hiyo mbovu ni 437 mpaka 463. Kitu kiko wazi kabisa, mwenye mzigo adai chake.

#6 Namba Hazinuni
@Bosi wa Mzigo hapana mkuu, hapo ndo wengi wanapotelea. Ile 2.9 hauichukui kwenye 450, unaijumlisha na kuitoa kwenye 4.5 yenyewe. Ni pointi za asilimia. 4.5 ukitoa 2.9 unapata 1.6, ndo unarudi kwenye mzigo wa 10,000. Ungekuwa sahihi kila mtu angetesti taa 200 na kujua mbovu za kontena zima karibu moja moja, wakaguzi wa ubora (QC) wote wangekosa kazi.

#7 Bosi wa Mzigo
Sawa nimeelewa. Ila bado nasema sampuli ni ndogo. Kanuni ya biashara sampuli iwe 10% ya mzigo. Taa 10,000 utesti 1,000. 200 ni 2% tu ya mzigo, utajuaje?

#8 Mwalimu Mstaafu
Nimeona hoja mbili za kusahihisha, niruhusuni vijana wangu.

Kwanza hii ya 10%. Hakuna kanuni hiyo. Kinachobana makadirio ni idadi uliyotesti, siyo sehemu gani ya mzigo umetesti. Taa 200 kutoka mzigo wa 10,000 na taa 200 kutoka mzigo wa 1,000,000 zinakupa karibu jumlisha-toa ileile. Ndiyo maana kura ya maoni ya watu 1,067 inatosha kutoa jumlisha-toa 3 kwa nchi nzima, iwe Rwanda au Marekani. Kosa linabadilika pale tu unapokuwa umekula sehemu kubwa ya mzigo, tuseme nusu yake.

Pili, @Namba Hazinuni fomula yako ni ile ya kwanza tunayofundisha, nayo inalegea sana asilimia ikiwa ndogo. Difekti haiwezi kuwa chini ya sifuri, lakini fomula yako ukiipa taa 2 mbovu kati ya 200 itakupa mwanzo ulio chini ya sifuri. Jaribu uone. Edwin Wilson aliitengenezea dawa mwaka 1927. Kwa 9 kati ya 200, ya Wilson inakupa takriban 2.4% mpaka 8.3%. Ona sasa, 2% ya saplaya imetoka nje.

#9 Shangazi wa Tandika
Yaani fomula moja inasema saplaya hana kosa nyingine inasema anayo, na taa ni zilezile tisa? Mimi narudi kwenye vitunguu vyangu.

#10 Namba Hazinuni
Mwalimu shikamoo. Ni kweli, nilitumia ya haraka. Nimejaribu na njia ya tatu, naijua toka chuo: tuseme saplaya ni mkweli, difekti ni 2% kamili. Kwenye taa 200 ungetegemea mbovu 4. Je ni mara ngapi bahati mbaya ingekupa 9 au zaidi? Nimepiga kwenye eksel, inakuja kama mara 2 kati ya 100. Inaweza kutokea ila ni shughuli. Kwa hiyo nabadili kauli, saplaya ana maswali ya kujibu.

#11 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Angalizo dogo: hiyo 2 kati ya 100 usije ukamwambia mtu "kuna uwezekano wa 98% kwamba saplaya ni mwongo". Umehesabu bahati ya taa ikiwa saplaya ni mkweli. Hujahesabu ukweli wa saplaya.

#12 Nipo Paleee
Mwalimu hapo umeniacha kituoni.

#13 Bambo la Kibaigwa
Mnapiga mahesabu mazuri ila hakuna aliyeuliza swali la kwanza. Mimi ni mtu wa mahindi, naijua bambo, kile chuma cha kuchoma gunia na kutoa sampuli, kuliko kalamu. Gunia likija tunalichoma bambo juu, katikati, chini, na ubavuni, na hatuchomi gunia moja, tunachoma magunia mengi ya lori zima yakiwemo yale ya chini kabisa kwenye bodi. Kwa nini? Kwa sababu mtu anaweka mahindi makavu mdomoni mwa gunia, katikati kaficha mabichi na mawe. Ukichoma gunia mbili za mlangoni hata uchome mara mia mbili umepima gunia mbili, hujapima lori.

Sasa wewe @Katoni Kwa Katoni umefungua katoni MBILI. Zilikuwa za wapi? Na zile 9, ngapi katoni ya kwanza ngapi ya pili?

#14 Katoni Kwa Katoni
Mkuu umenigusa. Katoni zilikuwa za mbele, karibu na mlango wa stoo, dogo alichukua zilizo karibu. Katoni moja ilitoa mbovu 7, nyingine 2.

#15 Bambo la Kibaigwa
Haya sasa. Saba na mbili. Wenye fomula wanakwambia 200, mimi naona mbili.

#16 Namba Hazinuni
@Bambo la Kibaigwa upo sahihi kuliko mimi leo. Hesabu zote tulizotumia, fomula yangu ya haraka, ya Wilson aliyoleta mwalimu na ile ya eksel, zinachukulia kila taa imeokotwa kivyake kutoka popote kwenye mzigo. Taa za katoni moja ni ndugu, zimetoka laini moja, siku moja, pengine mkono wa mfanyakazi mmoja, ikidondoka zimedondoka wote. Kwa hiyo 200 yako kitakwimu inaweza kuwa na nguvu ya taa 50 au hata 30. Jumlisha-toa inapanuka sana.

Dawa yake ungechukua taa 5 kwenye katoni 40, au 10 kwenye katoni 20. Kazi ya kufungua ni kubwa ila kutesti ni kulekule.

#17 Buda wa Athi
Sasa wasee. Nimefanya kwa kiwanda cha jeans huku Athi River miaka minne, department ya kwaliti, so wacha niwaambie vile hii kitu inaendanga kwa ground.

Hakuna inspekta anapiga hiyo hesabu ya jumlisha-toa. Ako na jedwali. Inaitwa AQL, yaani kiwango cha ubora kinachokubalika, iko kwa ISO 2859, na chimbuko lake ni jeshi la Marekani wakati wa vita ya pili, walikuwa wanakagua risasi na mabomu na huwezi testi kila risasi juu ukishaitesti imeisha. Unaangalia lot yako, yaani mzigo, ni ngapi, jedwali inakuambia chukua ngapi na mbovu ngapi ukubali. Oda ya suruali 3,000 tulikuwa tunachukua 125, AQL 2.5, ukipata mbovu 7 inapita, ukipata 8 inarudi. Tuliangalia mshono kuruka, zipu kukwama, kiuno kimoja upande mrefu.

Sasa mzigo wa 10,000, leveli ya kawaida, jedwali inasema chukua 200. Umechukua 200, sawasawa kabisa na kitabu. AQL 2.5 kwa 200 ni kubali 10, kataa 11. Wewe umepata 9. Mzigo wako UMEPITA buda.

#18 Katoni Kwa Katoni
Ngoja. Yaani 10 kati ya 200 ni 5%, halafu inaitwa 2.5 na inapita?

#19 Shangazi wa Tandika
Nimerudi. Vitunguu vinaweza kusubiri.

#20 Buda wa Athi
Ndio hivyo. Hii kitu imetengenezwa kulinda mwenye kiwanda asikataliwe mzigo mzuri juu ya bahati mbaya. Mzigo wa 2.5% ukweli, kwa hiyo plani unapita karibu mara 99 kati ya 100. Shida ni upande wa mnunuzi: mzigo ambao ni mbovu 5% pia unapita zaidi ya nusu ya mara. Ni ule mbaya sana, tuseme 7%, ndio unaanza kunaswa mara nyingi, na hata huo unaponyoka kama mara 17 hivi kwa 100.

Na niseme tu ukweli, mahali nilikuwa, siku inspekta wa mteja akija supavaiza alikuwa anajua ni katoni gani zimewekwa hapo karibu na meza. Inspekta mjanja alikuwa anapanda juu ya rundo mwenyewe na viatu vyake, anachora katoni na maka nyekundu, hiyo na hiyo na ile ya chini kabisa. Supavaiza anatokwa na jasho.

#21 Bambo la Kibaigwa
Huyo inspekta ni ndugu yangu wa bambo.

#22 Bosi wa Mzigo
@Buda wa Athi ila makubaliano yao yanasema 2% siyo AQL 2.5. Kwenye proforma hakuna neno AQL.

#23 Buda wa Athi
Hapo sasa ndio kuna kesi. 2% ya kitu gani, ya mzigo wote au ya sampuli, imepimwa na nani, wapi, kabla ya kupakia ama baada ya kufika? Kama haijaandikwa kila mtu atasoma vile inamfaa.

#24 Mtu wa Ruwi
Assalaam alaykum. Niko Muscat, ghala la vigae na vyoo. Sisi makubaliano yetu na wauzaji yanasema kiasi cha kuvunjika kinachovumilika, halafu mzigo ukifika sevaya (mkaguzi wa mizigo) anakuja na kamera kabla hatujagusa kitu. Ukishafungua mwenyewe bila mtu wa upande wa pili na bila picha, muuzaji atasema umevunja wewe. Huyu bwana kafungua na dogo wake. Je ana picha za muhuri wa katoni?

#25 Katoni Kwa Katoni
Picha za muhuri sina. Ninazo za taa 9 zimepangwa mezani tu.

#26 Mtu wa Ruwi
Basi hizo ni picha za taa tisa mezani, ndugu yangu.

#27 Sijui Hesabu
Kwa hiyo difekti imepanda kutoka 2 mpaka 4.5, hiyo ni ongezeko la 125%! Mwandikie saplaya hivyohivyo "difekti imezidi kwa 125%" aogope.

#28 Mwalimu Mstaafu
Hesabu ni sahihi, ila usiandike hivyo. Imepanda pointi 2.5, au mara mbili na robo. Ukimwandikia mtu 125% naye akijua hesabu atakujibu kwamba kutoka taa 4 mpaka 9 ni taa 5 tu. Wote mtakuwa mnasema kweli na hamtasikilizana.

#29 fundi_230
Nimesoma kurasa zote nacheka kimoyomoyo. Taa 200 mmezihesabu hadi desimali, hakuna hata mmoja kauliza zimetestiwa na NINI. Mkuu, dogo alitumia ubao wa holda au alikuwa anachomeka moja moja? Kama ni ubao una holda ngapi? Na zile 9 zilikufa kwenye holda zipi?

Nauliza kwa sababu holda za pini zina spring mbili ndogo ndani, zile pini za shaba. Zikitumika sana zinalegea, taa inakaa ila pini haigusi. Ukiibonyeza taa kidogo inawaka, ukiachia inazima. Mtu mwenye haraka anaitupa kwenye kapu la mbovu. Hii nimeiona mara nyingi sana.

#30 Nipo Paleee
😳

#31 Namba Hazinuni
@fundi_230 umetisha. Kwenye takwimu hilo ni kosa la kipimo na halimo kabisa ndani ya jumlisha-toa. Jumlisha-toa inahesabu bahati ya kuokota tu. Holda mbovu, katoni za mlangoni, dogo aliyechoka, hivyo vyote haijui.

#32 Katoni Kwa Katoni
Wakuu nimetoka dukani sasa hivi. Ubao una holda 10 na swichi moja. Dogo hakumbuki zilikufa kwenye holda zipi (anasema "zilikufa tu bosi"). Nimechukua zile 9 nikazichomeka kwenye holda ya ukutani ninayoiamini. TATU ZIMEWAKA. Zimewaka vizuri kabisa. Nikarudi kwenye ubao nikachomeka taa nzima holda moja moja, holda namba 4 haikuwaka mpaka nilipoibonyeza taa na kiganja. Fundi Mungu akubariki, na dogo nimemkata jicho moja la hatari.

Kwa hiyo mbovu ni 6.

#33 Namba Hazinuni
6 kati ya 200 ni 3%. Kama difekti ni 2% kweli, kupata 6 au zaidi ni kama mara 21 kati ya 100. Hiyo ni ya kawaida kabisa. Kesi dhidi ya saplaya imekwisha kwa spring moja ya holda.

#34 Bosi wa Mzigo
Yaani wiki nzima tunamtukana mtu wa Guangzhou kumbe ni holda ya hapa mjini 😂

#35 Buda wa Athi
Na usisahau upande ule mwingine. Kama holda mbovu inaita nzima kuwa mbovu, kuna kitu pia kinaita mbovu kuwa nzima? Dogo aliacha taa ikiwaka kwa muda gani?

#36 Katoni Kwa Katoni
Sekunde mbili tatu. Anawasha swichi, zikiwaka anatoa.

#37 fundi_230
Ndo hapo. Taa ya LED ya bei hii mara nyingi haifi kwa kugoma kuwaka siku ya kwanza, inakufa siku ya tatu, au inaanza kukonyeza. Nyingi zina draiva (saketi ya kurekebisha umeme wa taa) nyepesi mno, nyingine hazina draiva ya pembeni, ni kibati kimoja chenye kila kitu juu yake, umeme ukicheza tu imekwenda. Washa zote masaa 24 ndo uhesabu. Mbovu zinajitoa mapema, zikivuka hapo zinatulia, halafu zinaanza tena kufa zikizeeka.

#38 Sijui Hesabu
Nani atalipa luku ya taa 200 masaa 24?

#39 fundi_230
Wati 9 mara 200 ni wati 1,800. Masaa 24 ni uniti 43. Kuliko kurudishiwa taa na wateja wenye hasira afadhali ununue luku.

#40 Shangazi wa Tandika
Wateja wenyewe nani anarudisha? Mimi taa ikifa naitupa naenda kununua nyingine kwa Mpemba. Kwa hiyo mwenye duka akisema "zimerudi mbili tu" asidhani ni mbili tu zilizokufa.

#41 Mwalimu Mstaafu
Shangazi amesema jambo kubwa kuliko sisi wote. Zilizorudi ni asilimia ya watu wenye nauli na subira, siyo asilimia ya taa.

Kuna Mwingereza mmoja, William Gosset, alifanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin, alikuwa na shida hiihii ya sampuli chache, shayiri kidogo, kipimo kidogo. Mwaka 1908 akatoa hesabu zake kwa jina la kificho, "Student", na mpaka leo wanafunzi wanalia nazo.

#42 Nipo Paleee
Kumbe takwimu zimetoka kwenye bia. Hapo nimeanza kuelewa.

#43 Sijui Hesabu
Mwalimu tusaidie basi asilimia ya penati za timu fulani ya Msimbazi na jumlisha-toa yake.

#44 Bambo la Kibaigwa
Uzi unaharibiwa huo. Peleka kule jukwaa la mpira.

#45 Katoni Kwa Katoni
Marejesho wakuu. Nilimsikiliza fundi. Nilifunga holda 40 mpya, nikawasha zile 194 nzima kwa mafungu, kila fungu usiku na mchana wake. Nimemaliza leo. Mbili zimekufa, moja ilikuwa inakonyeza kama disko mpaka ikazima, nyingine nilikuta tu iko giza na ina harufu ya kuungua. Kwa hiyo 6 jumlisha 2, mbovu ni 8.

#46 Namba Hazinuni
Aisee. 8 kati ya 200 ni 4%. Nimeirudia kwenye eksel, kama difekti ni 2%, kupata 8 au zaidi ni kama mara 5 kati ya 100. Yaani juu ya mstari uleule watu wanaoutumia kukata shauri. Huku saplaya mwongo, huku mkweli, wewe umekaa juu ya ukuta.

#47 Bosi wa Mzigo
Basi atesti nyingi zaidi. Ngapi zinatosha?

#48 Namba Hazinuni
Inategemea unataka ibane kiasi gani. Difekti ikiwa karibu na 2% na unataka jumlisha-toa 1, ni taa kama 750, zitoke katoni tofauti. Ukitaka jumlisha-toa nusu, ni 3,000. Ukitaka kukata kosa nusu unatesti mara nne. Ndo mana viwandani wanabadili mchezo, badala ya kupima mzigo ukishafika wanakaa kwenye laini. Wale wa sigma sita (mpango wa kupunguza difekti kiwandani) kina Motorola walilenga difekti 3.4 kwa milioni, kiwango hicho huwezi kukiona kwa kuokota taa 200, utapata sifuri karibu siku zote.

#49 Sijui Hesabu
Na nikipata sifuri si ndo nzuri?

#50 Mwalimu Mstaafu
Sifuri nayo ina jumlisha yake, mwanangu. Ukitesti 30 ukapata sifuri, gawanya 3 kwa 30. Difekti bado inaweza kufika 10%. Ukitesti 300 ukapata sifuri, inaweza kufika 1%. Usije ukatesti tano ukaandika "hakuna mbovu".

#51 Buda wa Athi
Na saplaya anaweza kukataa hizo mbili za kuungua pia. Atasema difekti ni isiyowaka ukiichomeka, hiyo nyingine ni umeme wenu. Mko na volti 230 kwa karatasi lakini kwa ukuta ni nini?

#52 fundi_230
Kwa ukuta nimewahi kupima 190 saa moja jioni na 250 usiku wa manane, nyumba ileile. Ila taa imeandikwa 85 mpaka 265 kwenye boksi, kwa hiyo asijifiche humo.

#53 Bambo la Kibaigwa
Turudi kwenye katoni. Zile 8 sasa zimekaaje?

#54 Katoni Kwa Katoni
Tatu zilizowaka zote zilikuwa za ile katoni iliyotoa mbovu 7. Kwa hiyo ikabaki 4 na 2. Zilizokufa usiku, moja moja kila katoni. Sasa ni 5 na 3.

#55 Bambo la Kibaigwa
Zimekaribiana. Ila bado ni katoni mbili za mlangoni. Toa taa tano tano kwenye katoni 40, za nyuma na za chini.

#56 Katoni Kwa Katoni
Hapo kuna kashida. Katoni 31 zishauzwa.

#57 Shangazi wa Tandika
🤣🤣🤣 mtu anauza huku anauliza kama ni nzima

#58 Mwalimu Mstaafu
Kwa hiyo sasa tunakadiria mzigo uliobaki, siyo uliofika. Na zilizouzwa zilitoka upande gani wa stoo?

#59 Katoni Kwa Katoni
Za mbele mwalimu. Biashara inaanzia mlangoni.

#60 Duka la Mpakani
Samahani wakuu huwa nasoma tu sichangii. Mleta mada, duka lako siyo lile lenye ngazi za chuma na feni imening'inia kichwa chini? Kama ndo wewe, nilichukua katoni 2 kwako wiki iliyopita nikasafirisha huku Tunduma. Mpaka leo zimekufa 4.

#61 Sijui Hesabu
4 kati ya 200 ni 2% kamili!!! Saplaya kashinda, funga uzi.

#62 Buda wa Athi
Ngoja kwanza. @Duka la Mpakani umetesti zote 200?

#63 Duka la Mpakani
Hapana, sijatesti. Nimeuza kama 60 hivi, hizo 4 ni zilizorudishwa.

#64 Namba Hazinuni
4 kati ya 60 ni 6.7%.

#65 Shangazi wa Tandika
Na hao ni wale wenye nauli ya kurudi.

#66 Katoni Kwa Katoni
@Duka la Mpakani njoo PM mkuu, usiendelee kuelezea ngazi hapa.